Jenerali Aliyeleta Maji

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na nikiwa na akili zangu timamu, kwamba mzee aliyekuwa akituletea maji ya kunywa kwenye shule niliyofanya kazi alikuwa jenerali wa jeshi aliyejigeuza. Usicheke bado. Ushahidi ulikuwapo, tena wa kutosha kumtia mtu kitanzi.

Mzee huyo alikuja kila wiki na pikapu iliyojaa mitungi ya maji, ile mikubwa ya plastiki inayopinduliwa kichwa chini juu ya mashine ya kupoza. Dereva wake Mpakistani ndiye aliyebeba. Mzee mwenyewe hakushika kitu ila bakora. Kanzu yake ilikuwa nyeupe mpaka ukimtazama saa sita mchana unatokwa machozi. Miwani nyeusi, ndevu za mvi zilizochongwa, mgongo umenyooka kama mlingoti wa bendera. Aliingia mabwenini bila hodi. Alisimama mbele ya kila mashine, akagonga mtungi kwa bakora, akausikiliza, akatikisa kichwa, akaenda kwenye mwingine. Na siku ya gwaride kuu, wazazi walipojaa, naye alikuwapo: alikaa kivulini mwisho wa jukwaa, akatazama askari safu kwa safu, midomo ikichezacheza kama mtu anayehesabu. Sasa wewe niambie, mleta maji gani anakagua gwaride?

Habari hii nilipewa na mwenzangu kutoka Meru, sajini mkongwe kuliko sisi wote pale shuleni. Aliniita pembeni wiki yangu ya kwanza, akanionyesha mzee kwa kidevu.

"Buda, unaona huyo? Huyo si mtu wa maji. Huyo ni jenerali. Anakuja kutafuta sajini mmoja wa kupeleka jeshi halisi."

"Nani amekwambia?"

"Nani aniambie na nimeona na macho? Kulikuwa na jamaa hapa mbele ya wewe kuja, sajini wa kikosi cha kwanza. Gwaride ikaisha, jamaa akabeba begi yake, akaingia kwa pikapu ya huyo mzee. Hatujamwona tena mpaka leo. Ako na vila Al Warqa. Bibi amekuja, watoto wamekuja, gari iko nje."

"Umeifika hiyo vila?"

"Nifike namna gani na ni ya jeshi? Sikiza wewe. Sheria ni moja. Ukimwongelesha umejikata jina. Piga saluti, funga domo, siku yako ngojea."

Nami nikafunga domo. Mimi si mjinga kwa cheti. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni kule Voi, nikiwa mlinzi mchana na mwanafunzi jioni, chini ya stima iliyokuwa na tabia ya kukatika somo la historia likifika katikati. Ndiyo maana vita vyote ninavyovijua vina mwanzo, havina mwisho. Lakini elimu yote ile haikunisaidia. Kila mzee alipopita nilikakamaa, nikampigia saluti iliyochana upepo. Naye, sijui kwa nini, alinyanyua bakora mpaka usawa wa sikio, akanirudishia. Hapo ndipo imani yangu ilipogeuka saruji.

Sasa nikueleze shule yenyewe, maana bila kuijua hutaelewa jinsi mtu mzima anavyoweza kuamini upuuzi. Pale upuuzi ndio uliokuwa hewa.

Ilikuwa shule ya bweni ya kijeshi, ya binafsi, huku kwa Waarabu, nje kidogo ya mtaa wa Al Warqa, pale vila zinapoishia na mchanga unapoanza. Nasema ya kijeshi kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa langoni kwa herufi za dhahabu, na chini yake maneno kwamba shule imesimama juu ya mila za kale za mashujaa. Mila zenyewe zilikuwa na umri wa mbuzi wa mwaka huu. Jengo lilikuwa ukumbi wa harusi. Biashara ya harusi ilipomfia arbab, yaani tajiri mwenye jengo, alisafiri mahali, akaona watoto wamevaa sare wakitembea kwa mstari, akarudi na wazo. Viti vya dhahabu vilibaki vikawa vya bwalo. Vioo vilibaki. Hata lile jukwaa la bibi harusi lilibaki, na taa zake za waridi, na ndilo Kamandanti wetu alilokalia wakati wa chakula, amezungukwa na maua ya plastiki, anakata kuku kwa uso wa mtu anayekata ramani ya vita.

Kamandanti huyo alikuwa mkuu wa shule. Alitoka nchi iliyobadilika kulingana na mzazi anayezungumza naye. Kifuani alikuwa na nishani nyingi hata akiinama kufunga kamba za viatu alilia kama duka la sufuria. Mwenzangu Mmeru aliwahi kumuuliza zilitoka vita gani.

"Ile kubwa," Kamandanti akajibu.

"Ile kubwa ipi, sir?"

"Yalla, rudi kazini."

Kila Jumapili asubuhi, wiki ilipoanza, maana wikendi ya huku ilikuwa Ijumaa na Jumamosi, alituita wafanyakazi wote. Nakumbuka Jumapili moja alisimama, akakohoa, akatangaza, "Kuanzia kesho tutakuwa na mila ya kale." Mila yenyewe ilikuwa kupiga tarumbeta kabla ya kifungua kinywa. Mpiga tarumbeta hakupatikana, basi mila ya kale ikapigwa na spika. Langoni tuliwekewa mzinga mkubwa mweusi wa kuogofya, ulioundwa kwa fibaglasi. Siku upepo wa jangwani ulipovuma, silaha hiyo iling'oka ikabingirika barabarani kama kopo la maziwa, na mimi, sajini wa jeshi zima, nikaikimbiza nusu ya njia ya kwenda Mirdif huku madereva wa teksi wakinipigia honi. Niliirudisha kwapani.

Na jeshi hilo lilikuwa la nani? Watoto wa matajiri waliowashinda mama zao. Mtoto akimzidi nguvu madam nyumbani, baba anamleta kwetu tumnyooshe. Tatizo ni kwamba walitaka anyooke bila kukunjwa mahali. Kiyoyozi kilikuwa kikali mabwenini mpaka nilidhani tunahifadhi nyama. Kitandani mito ilikuwa mingi kuliko mtoto. Na ulipofika ukaguzi wa vitanda, magari yalikuja kutoka majumbani yakashusha wasichana wa kazi. Dada zetu, Wakenya, Waganda, Wafilipino, waliingia bwenini wakatandika, wakapiga viatu rangi, wakapanga soksi, kisha wakatoka kwa mlango wa nyuma Kamandanti akiingia kwa ule wa mbele kusifu nidhamu ya makadeti. Dada mmoja wa Kitaita, anayefanya kazi katika vila hapo Al Warqa, alinipita akiwa na brashi ya viatu mkononi, akanisonya.

"Kaka, huyu mtoto wa madam wangu, mkuu wenu wa majeshi anayekuja kuwa kapteni mwezi ujao, wiki jana nilimmenyea yai."

Sisi masajini tulikuwa walinzi tu. Tulikodishwa tukaja kulinda lango, Kamandanti akatuona tunatembea vizuri, akatushonea mistari mabegani. Mimi kwata nilijifunza skauti na kwenye kampuni ya ulinzi huko nyumbani, na sikufichi, niliimudu; nikipiga mguu chini, vikombe vya ofisini viliondoka kwenye visahani. Lakini kufundisha ni jambo jingine. Kanuni ya shule ilisema kila kadeti amwite sajini wake "sir". Safi. Kisha madam wa mapokezi akatuita, akatwambia kwamba hawa ni watoto wa wateja, na katika nchi hii mtoto wa mteja naye ni sir. Kwa hiyo sote tulikuwa ma-sir. Uwanja mzima haukuwa na mtu wa chini.

"Sir, umechelewa gwarideni, sir," nilimwambia kadeti.

"Samahani, sir."

"Hapana sir, samahani ni yangu, sir. Tafadhali, sir, ukipata nafasi, mguu... sawa!"

Jeshi gani linaombwa?

Lakini hilo lilikuwa jambo dogo kuliko la adhabu. Mwanzoni kadeti akikosa alipigishwa pushapu, kama kwenye majeshi ya watu. Mama mmoja akamwona mwanawe ana vumbi kwenye kiganja. Alikuja na gari refu mpaka mbele ilifika ofisini nyuma ikiwa bado langoni. Alizungumza na arbab, arbab akazungumza na Kamandanti, na kesho yake tukapewa mila nyingine ya kale: kadeti akikosa, adhabu itatumikiwa na sajini wake, na kadeti asimame kando atazame, aumie moyoni, ajifunze uongozi.

Walijifunza kweli! Walijifunza kwamba mimi napiga pushapu. Kadeti wangu mmoja, mnene, mpole, alikuwa akija chumba cha masajini na leso mkononi. "Sir, nimekosa tena, sir. Nimelala darasani." Nami nalala chini, naanza: moja, mbili, tatu. Nilihesabu Kiswahili kwa sauti kubwa, maana Kiingereza kilinimalizia pumzi. Yeye, Mungu ambariki, alinipangusa jasho. Wengine hawakuwa na huruma hiyo. Walikosa makusudi, wakawaleta wenzao kutazama. Mwaka ukapita nikawa na mikono kama nguzo za daraja, na kadeti wangu hakuna hata mmoja aliyeweza kufunga kamba za viatu vyake.

Ungeniuliza kwa nini nilikaa. Nilikaa kwa sababu ya Jenerali. Kila nilipolala kifudifudi kwenye simenti nilijiambia, anaona. Anatafuta mtu mwenye utii. Hii yote ni mtihani. Niliwaza vila ya Al Warqa, mke wangu anashuka uwanja wa ndege na binti yetu. Binti huyo alizaliwa nikiwa nimeshaondoka. Alinijua kama simu. Mama yake alinisimulia kwamba mtoto akiona simu ya mtu yeyote, hata ya mwenye duka, anaibusu na kusema baba. Nilicheka sana siku ile. Nilipomaliza kucheka nikaenda kukaa nyuma ya jiko peke yangu.

Hapa ndipo anapoingia shemeji yangu, kaka ya mke wangu. Yeye alikuwa kiongozi wa wapokea mizigo katika hoteli moja Al Garhoud, karibu na uwanja wa ndege. Mtu wa maneno machache, yote makali. Mwaka mmoja kabla alinitafutia nafasi hapo hotelini, mlangoni, kazi ya kufungulia wageni na kuita teksi. Cha muhimu si cheo wala kofia. Cha muhimu ni kwamba hoteli ilimpa kila mtu likizo ya kwenda kwao kila mwaka na tiketi juu, wakati shule yetu ilikuwa ikiniambia inshallah tangu nifike. Ile nafasi niliikataa. Nilimwambia nina mpango mkubwa zaidi ambao siwezi kuutaja.

Sasa nafasi ikatokea tena, na mkataba wangu na shule ulikuwa unakwisha wiki ileile ya gwaride kuu. Tulikutana Al Muraqqabat, kwenye mkahawa wa chai ya maziwa unaopendwa na Wakenya, Ijumaa alasiri.

"Shemeji," akaniambia, "madam wa ajira ananiheshimu, lakini si mamangu. Anataka jina Alhamisi. Alhamisi ikipita, amechukua Mnepali."

"Alhamisi ndiyo gwaride."

"Najua. Ndiyo nakwambia leo."

"Shemeji, wewe huelewi. Mwaka huu zamu ni yangu. Nimebaki mimi tu wa kikosi cha kwanza."

"Zamu ya nini?"

Niliangalia kulia na kushoto, nikainama, nikamwambia. Yote: bakora, kanzu, pikapu, vila. Shemeji aliweka kikombe chini polepole. Alinitazama kama fundi anavyotazama injini iliyoingia maji.

"Wewe ulisoma," akasema.

"Nilisoma."

"Jioni."

"Jioni, ndiyo."

"Basi mwalimu alikuwa amelala." Akasimama, akalipia chai zote mbili. "Dadangu ana mtoto anayebusu simu. Alhamisi nitakupigia mchana, nikiwa nimesimama mbele ya huyo madam. Utasema ndiyo au utasema hapana. Hiyo ya jenerali usiniambie tena, nitaiota."

Nyumbani nako hakukuwa na unafuu. Mke wangu alipiga. "Baba watoto, kaka amesema kazi iko. Iko au haiko?"

"Iko, lakini..."

"Hiyo lakini yako ndiyo imenilelea mtoto?"

Nilimwambia subiri Alhamisi, utafurahi mwenyewe. Alikata simu bila kwaheri, jambo ambalo mwanamke wa kwetu halifanyi ila akiwa amechoka kweli.

Alhamisi ikafika. Gwaride kuu lilikuwa la kufunga mwaka, na Kamandanti alilipanga mchana, ili jua lionyeshe ung'avu wa nishani zake. Joto la siku ile, wallahi, lingeivisha maandazi mfukoni. Kunguru walikuwa wanatembea kwa miguu. Wazazi walikaa chini ya hema lenye mafeni ya ukungu, mbele yao meza ya matunda, keki, na barafu iliyochongwa umbo la simba, ambayo mpaka hotuba ya pili ilikuwa paka.

Makadeti wenyewe hawakutimia. Nusu walileta karatasi za daktari kwamba jua haliwaafiki. Kamandanti hakutetereka: alivisha sare za makadeti wafagiaji, wapishi wasaidizi, na mafundi wawili wa viyoyozi waliokuja kutengeneza mashine, akawapanga safu za nyuma. Mzazi mmoja aliwapiga makofi, akasema watoto wa siku hizi wanakua haraka.

Na mwisho wa jukwaa, kivulini, bakora katikati ya magoti, alikaa Jenerali. Nilimwona nikasisimka mpaka kwenye unyayo.

Simu ilikuwa marufuku gwarideni, kwa hiyo yangu niliiweka ndani ya kofia, juu ya utosi. Nilijua shemeji atapiga. Sikujua nitamjibu nini. Nilijiambia Jenerali akishanichagua, jibu litakuwa limejileta lenyewe.

Tulianza vizuri. Niliongoza kikosi cha kwanza mbele ya hema, nikapiga mguu, nikasikia wazazi wakisema "aah". Kisha Kamandanti akaamua kutoa amri mwenyewe. Alishika kipaza sauti, akajaza kifua, akaagiza tugeuke kushoto. Kushoto kwetu kulikuwa na ile meza ya keki. Alitaka kulia; alitoa amri kwa mkono wake badala ya wetu, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Makadeti wa kweli wangesita. Lakini mafundi wa viyoyozi na wapishi walikuwa watu wa kutii, walisikia kushoto wakaenda kushoto, kwa mguu mzuri kabisa, wakapita katikati ya keki, wakaondoka na nguzo moja ya hema. Turubai likashuka taratibu juu ya akina mama. Paka wa barafu akavunjika shingo.

Kila mtu alijua nani amekosa; hata dereva wa Jenerali alijua. Kamandanti alitoka jasho, akatazama arbab, arbab akamtazama yeye. Halafu kipaza sauti kikasema:

"Sajini wa kikosi cha kwanza! Adhabu!"

Kosa la Kamandanti, mbele ya wazazi wote. Nami, unajua nilihisi nini? Furaha. Nilisema moyoni, huu ndio wenyewe. Hili amelipanga Jenerali. Nikalala kwenye lami ya uwanja, lami iliyokuwa inachemka kama uji, nikaanza kwa sauti ya kusikika mpaka Sharjah: moja! Mbili! Tatu! Simu ikaanza kutetemeka kichwani. Kofia yote ikawa inavuma kama mzinga wa nyuki. Nne! Tano! Makadeti walicheka, wazazi wakadhani ni onyesho wakaanza kupiga makofi kwa mdundo, na mimi nikazidisha mwendo. Simu ikanyamaza. Ikaanza tena. Kadeti wangu mpole peke yake ndiye aliyeinamisha uso.

Sikumbuki nilifika ngapi. Nakumbuka Kamandanti akisema khalas, basi imetosha, na wazazi wakiondoka, na wafagiaji wakivua sare za makadeti ili wafagie keki. Nilibaki nimekaa chini, viganja vimebabuka. Kivuli kikanifunika. Niliona kwanza ncha ya bakora, kisha kanzu.

"Kijana," sauti ikasema, kwa Kiswahili laini cha Unguja, "hebu nyanyuka hapo chini, utaungua. We Mkenya?"

Nilidhani nimepigwa na jua. Miaka yote ile nilikuwa nikimpigia saluti ya kimya, nikidhani ni Mwarabu wa kule makao makuu, kumbe mzee wa Kizanzibari, wa zile familia zilizohamia zamani. Nilisimama, nikakakamaa, nikapiga saluti kwa mkono unaotoka damu. Domo nililifunga. Sheria ni sheria.

"Nimekusikia unahesabu, nikasema huyu wa kwetu," akaendelea. "Mkosaji yule bwana wa nishani, unalazwa chini wewe. Kwa nini ukakubali?"

Simu ikatetemeka tena. Safari hii niliivua kofia, nikapokea simu.

"Shemeji!" ilikuwa sauti ya shemeji yangu, kali, ya kunong'ona. "Nimepiga mpaka nimeota sugu. Madam amebeba mkoba, anaingia wikendi. Ndiyo au hapana?"

"Ngoja kidogo."

"Hakuna kidogo!"

"Nani huyo?" mzee akauliza.

Hapo ndipo nilipoivunja sheria. Nilijua nimejikata, lakini mtu alikuwa kwenye simu, na mbele yangu alikuwa mtu pekee anayejua jibu. Niliongea kwa pumzi moja.

"Ni shemeji yangu, Jenerali. Kuna kazi hotelini, Garhoud, wanataka jibu sasa hivi. Nikikubali huko nitakuwa nimeondoka jeshini. Na mtoto wangu hajaniona. Nakuomba tu uniambie kama mwaka huu umenichagua mimi, ili nijue nimwambie nini."

Mzee alivua miwani. Macho yake yalikuwa ya kawaida tu, mekundu kwa vumbi.

"Umeniitaje?"

"Jenerali. Samahani. Najua ni siri."

Hakucheka. Mpaka leo namheshimu kwa hilo. Alimtazama dereva wake aliyekuwa akipakia mitungi mitupu kwenye pikapu, akanitazama tena, akatazama viganja vyangu.

"Lahaula! Ndiyo maana nyote hapa mnanipigia saluti? Mie nilidhani ndiyo adabu ya shule. Sikiliza mwanangu. Mie si jenerali. Sikupata kuwa askari hata siku moja, bunduki sijaishika. Mie nauza maji. Siku ya sherehe nakuja kutazama watu ni wangapi, nijue mitungi ya kuleta, kisha nachukua mitupu yangu naenda zangu."

"Na kugonga mitungi?"

"Nasikiliza imebaki maji kiasi gani. Mwambie huyo mtu ndiyo."

"Shemeji," nikasema kwenye simu, "ndiyo. Nakuja leo."

Sikusikia alichojibu. Mtu akizama hushika hata povu, nami povu langu nilikuwa bado nimelishika. Nikamuuliza mzee, kwa adabu, kuhusu yule sajini aliyenitangulia, yule aliyeingia na begi lake kwenye pikapu baada ya gwaride, ambaye hakuonekana tena.

"Yule?" akasema. "Alikosa teksi, nikampa lifti mpaka uwanja wa ndege. Alikuwa anarudi kwao."